Asumini Hazisubiri Foleni

Jumanne, 1 Aprili

Idd ilikuwa jana na leo tayari nimeshagombana na watu wawili. Naandika kwa sababu mama amesema hataki kunisikia nikilalamika mpaka masika yaishe, na mimi nisipolalamika mahali nitapasuka.

Mambo yako hivi. Nyuma ya nyumba yetu hapa Zinga kuna kitalu cha miasumini. Mama alikipanda kabla sijazaliwa. Miaka yote hiyo amekuwa akichuma tumba alfajiri, akitunga makoja ya kuvaa na vikuba vya kubandika kifuani, akipeleka Kariakoo kwa Bi Zuhura, somo wa maharusi, ambaye hajawahi kumpamba mwari kwa maua ya mtu mwingine. Mwaka jana magoti ya mama yakagoma kupanda gari. Safari zikaniangukia mimi Shufaa, niliyerudi nyumbani na talaka na mabegi mawili.

Mdogo wangu Feisal ni fundi uashi. Anasema maua hayana mbele wala nyuma. Anataka kung'oa miasumini ajenge vyumba vya kupangisha, kwa kuwa kiwanja kiko kando ya barabara ya Dar na wapangaji wanamuulizia kila siku. Jana baada ya pilau tulibishana mpaka wageni wakaaga mapema, mwisho tukakubaliana mbele ya mama. Mfunguo Mosi, mwezi huu ulioanza na Idd, ndio msimu wa harusi. Mwezi ukiisha na Bi Zuhura bado ni mteja wetu, kitalu kinabaki na Feisal hatatia neno tena. Bi Zuhura akituacha, Feisal analeta tofali.

 Mama alikuwa amenuna tangu juzi, maana Bi Zuhura alimpigia simu Jumapili kutupa mkono wa Idd na sisi bado tumefunga. Nyumba ile mwaka huu imefuata mwezi ulioonekana nchi nyingine. Mama alimjibu kwa adabu zote, kisha akaiweka simu chini kama kitu kilichooza.

Alhamisi, 3 Aprili

Safari ya kwanza ya msimu, na kama zote ni hivi basi nianze kumsaidia Feisal kubeba tofali.

Asumini ina tabia yake. Tumba likiamka jeupe asubuhi, litafunguka jioni hiyohiyo, upende usipende. Mwari anatakiwa avikwe likiwa limefumba, lifunguke kichwani mwake wageni wakishakaa. Kwa hiyo nikichuma alfajiri nina muda mpaka alasiri, basi. Na kikuba hakitimii bila mkadi na rehani za kuongeza harufu, ambavyo sisi hatuna, navifuata soko la Bagamoyo. Yaani safari yangu ni ya kusini lakini lazima nianze kwa kwenda kaskazini, nirudi nyumbani, nichukue kikapu, ndipo nisimame kituoni kama mtu anayeanza siku.

Gari la kwanza kuelekea Makumbusho lilisimama. Kondakta wake anaitwa Mzee Abdulswamad, mtu mzima, ndevu za hina, shati limepigwa pasi mpaka linakatika. Nikamwamkia. Akaitika, akanusa.

"Hicho kikapu kina nini?"

"Asumini, mzee."

"Hakipandi."

"Kwa nini?"

"Mwaka juzi pale Boko mama mmoja alinusa asumini akapandisha. Shetani wake akataka uvumba na marashi, na sisi tumesimama katikati ya barabara na watu wanachelewa kazini. Dereva hataki tena."

"Mimi si mganga, mzee. Napeleka maua harusini."

"Hata yale yalikuwa yanakwenda harusini," akasema, akagonga bati, gari likaondoka.

La pili halikusimama. La tatu lilinipakia, kikapu kikawekwa pembeni ya dereva, penye joto la injini, eti ndipo penye nafasi. Kufika Makumbusho tabaka la juu lilikuwa limeshaanza kufunguka. Hapo bado gari la Kariakoo. Bi Zuhura alikipokea kikapu bila kunikaribisha kiti, akatoa maua yaliyofunguka moja moja akayaweka kwenye sinia. "Haya sherehe yao yameifanyia njiani," alisema. Ni mwanamke mrefu, anaongea taratibu kama anayemwonea huruma kila mtu. Simpendi.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Nimelala.

Jumapili, 6 Aprili

Feisal amekuja na futi kamba akapima kitalu kwa urefu na upana. Nilipomuuliza, akasema anajifurahisha tu.

Ijumaa, 11 Aprili

Nina homa, na nitaandika hivyohivyo.

Jana asubuhi mvua ilinyesha kidogo, ikanihadaa. Nilikwenda Bagamoyo nikarudi, nikafungasha vizuri: majani ya mgomba chini, makoja katikati, majani tena juu. Mzee Abdulswamad alipita akanitazama hakusimama. Nikapata gari jingine, tukafika Makumbusho salama. Nikapanda la Kariakoo, nikaanza kuhesabu maneno nitakayomwambia Bi Zuhura akisifu.

Mvua yenyewe ilitukuta hapo. Tulipofika Magomeni kondakta akasimama mlangoni akatangaza, "Mwisho hapa, Jangwani kumejaa maji." Watu wakashuka wananung'unika. Mimi nikabaki nimekaa kama sijasikia. Akaja mpaka kwenye kiti changu. "Dada, hata ukikaa mpaka kesho, gari haliogelei."

Nilisimama pale Magomeni nikiwa naliona kabisa bonde ninalotakiwa kulivuka, na ng'ambo yake ndiko Kariakoo, na sina njia. Mwavuli nilikuwa nao mmoja. Nikakifunika kikapu, mimi nikaloa. Watu walinitazama kama nimerukwa na akili, na sikuwa mbali. Nikarudi nyuma mpaka kituo cha Morocco, nikagombea gari la Posta likanishinda, nikagombea la pili likanichukua, likakaa kwenye foleni kiasi cha mtu kupika maharage yakaiva. Posta hadi Kariakoo nilikwenda kwa miguu, kikapu kichwani, kanga imeniganda mwilini, viatu mkononi. Kila bajaji iliyopita ilikuwa na watu.

Nilifika isha inaadhiniwa. Makoja yote yalikuwa yamefunguka na mengine yameanza rangi ya chai. Mwari alikuwa ameshapambwa maua ya plastiki yaliyoazimwa kwa jirani, amekaa juu ya kiti chake ananukia manukato ya chupa. Nilimweleza Bi Zuhura kuhusu Jangwani, Magomeni, Posta. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Njia ni njia, mwanangu," alisema. "Mbona wengine wanafika?"

Nilimchukia. Nilitamani nimwage kikapu chote miguuni pake. Badala yake nilisema, "Nisamehe, Bi Zuhura," nikalala ukumbini kwake juu ya mkeka, na leo asubuhi nikarudi kwetu.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua. Mama ananipikia uji wa pilipili manga na haniulizi chochote, na hilo linaniumiza kuliko homa.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimegombana na Feisal. Nilimwambia anasubiri nianguke ili apate kujenga. Akaniambia nimwangalie vizuri. Yeye yuko kwenye barabara hiyohiyo kila siku ya Mungu, anakwenda kujenga nyumba za watu Bunju na Tegeta, anatoka giza anarudi giza, na mama akianguka bafuni siku mimi niko Kariakoo na yeye yuko Tegeta, nani atamwinua? Vyumba vikiwepo, anasema, watu watakuwepo uani, na yeye ataacha kazi za mbali.

Hilo la mama kuanguka hakuwahi kulisema. Bado namwona mchoyo, ila si kama jana.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo nimefika. Naandika tena: nimefika.

Nilikuwa kituoni na kikapu changu, nimekata tamaa kabla ya kuanza. Gari la Mzee Abdulswamad likaja, nikageuka nikatazama upande mwingine ili nisimpe raha ya kunikataa. Likasimama.

"Binti, wewe si ndiye niliyekuona wiki ile Magomeni, mwavuli juu ya kikapu na wewe mwenyewe unachuruzika?"

"Ndiye, mzee."

"Siku ile tulikodiwa mpaka mjini, nikawa nimeshuka kuangalia kama njia inapitika. Nikamwambia dereva, yule ama ana kichaa ama ana kazi." Akafungua mlango wa mbele. "Panda. Dirisha lifungue, upepo uingie. Kikapu ukifunike kanga mbichi harufu isisambae. Na tukifika Boko usiongee na mtu, soma unachojua."

Boko nilisoma Ayatul Kursi, na yeye kule mlangoni nikimwona midomo inamcheza. Hakuna aliyepandisha. Makumbusho alinishusha mwenyewe akanionyesha gari litakalotoka kwanza, akampigia kelele kondakta mwenzake asiniweke nyuma. Kumbe mtu huyu ana utu wote huo, na mimi wiki mbili nimemlaani kila nikitia udhu.

Alasiri ilikuwa bado. Bi Zuhura alifunua majani, akakuta tumba zimefumba zote, nyeupe, mbichi. Akasema, "Umewahi." Neno moja, lakini nimerudi nalo mpaka Zinga.

Jumapili, 20 Aprili

Bi Zuhura amempigia mama. Anamwoza mjukuu wake Dija, aliyemlea mwenyewe tangu anyonye. Wamechagua mwezi ishirini na saba kwa baraka zake, na anataka makoja ya kichwani na shingoni, vikuba vya wasaidizi wote, na maua ya kutandaza kitandani. Baada ya alasiri ndipo mwari anapambwa. Amesema hivi, mama kanirudia neno kwa neno: "Huyu ni wangu. Sitaki plastiki karibu naye."

Hapo ndipo kitalu kitasimama au kitaanguka. Hata Feisal alikubali.

Nilihesabu kwa vidole. Sisi Mfunguo Mosi tuliuanza Jumatatu, kwa hiyo ishirini na saba inaangukia Jumamosi, siku ya Muungano, watu hawaendi kazini na barabara itakuwa nyeupe. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Mama hapokei oda kwa kalenda ya ukutani, na Bi Zuhura haitoi hivyo. Wao tangu ujana wao wanahesabiana mwezi. Kumuuliza somo wa maharusi kwamba hiyo ni siku gani ya wiki ni kumwambia hujui mwezi uko wapi, na mimi sitaki nionekane sijui.

Jumatano, 23 Aprili

Nimekwenda Bagamoyo kuweka oda ya mkadi mapema. Nimekinunulia kikapu kitambaa kipya cha kufunikia.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua ya upepo tangu alfajiri. Nguzo ya umeme imelala huko Kerege na giza limetanda mpaka kwetu. Hakuna harusi leo, alhamdulillahi. Miasumini imeinama lakini haikuvunjika. Feisal aliifunga miti kwa kamba bila kuombwa.

Ijumaa, 25 Aprili

Umeme haujarudi. Simu ya mama imezimika na yangu pia. Nafuu, hakuna atakayenisumbua nikijiandaa. Mvua imekata. Kesho tumba zitakuwa nyingi, nimezikagua kwa mkono mti kwa mti.

Jumapili, 27 Aprili

Nitaandika ya jana mara moja, nisiyarudie tena.

Nilichuma na mama baada ya sala ya alfajiri. Alitunga yeye mwenyewe koja la kichwani, na vidole vyake vilivyokakamaa vilikuwa vikienda kama vya msichana. Mkadi uliletwa na gari la kwanza kutoka Bagamoyo, sikuhitaji hata kwenda. Mzee Abdulswamad alinifikia kituoni kabla sijaweka kikapu chini. Kiti cha mbele. Barabara tupu. Bunju, Boko, Tegeta, Mwenge, hakuna askari aliyetusimamisha wala gari lililoharibika mbele yetu. Makumbusho gari la Kariakoo lilikuwa linanisubiri mimi tu. Jangwani maji yameshuka, tope limekauka, tumepita kama wageni wa serikali. Msimu mzima nimeomba siku moja kama hiyo.

Nilishuka Kariakoo adhuhuri haijaadhiniwa. Nikaingia uchochoro wa Bi Zuhura na nikaona turubai. Nikafurahi. Nilidhani wanalisimamisha, kumbe wanalishusha. Wanawake wawili walikuwa wanasugua masufuria kwa mchanga. Bi Zuhura alikuwa kibarazani, ameegemea ukuta, macho mekundu ya mtu asiyelala.

"Shikamoo Bi Zuhura."

"Marahaba." Alikitazama kikapu. "Umekuja kumpamba nani?"

"Dija."

"Dija yuko kwa mumewe tangu jana."

Nilicheka. Naona haya kuandika, lakini nilicheka, nilidhani ananitania. "Jana ilikuwa ishirini na sita, Bi Zuhura."

"Jana ilikuwa ishirini na saba."

"Sisi mwezi umetuandamia Jumapili usiku."

"Na sisi Jumamosi usiku," alisema taratibu. "Nilimpigia mama yako mkono wa Idd siku ile. Alinipokelea kwa mdomo wake mwenyewe."

Tukawa tunatazamana, wanawake wawili wazima, kila mmoja vidole vimekunjwa katikati ya hesabu yake. Nikakumbuka ile simu, na jinsi mama alivyonuna. Kumbe sote watatu tulijua, na hakuna aliyekaa akafikiri. Sisi Zinga tuliona wao wa mjini wamekosea mwezi, basi, yakaishia hapo. Haikutupitia kwamba wataendelea kuuhesabu huohuo waliokosea.

"Nimewapigia simu mpaka kidole kimeniuma," alisema. "Yako, ya mama yako. Mwari amekaa anangoja. Mwishowe binti mmoja wa Ilala alikuja, amepanda miasumini yake kwenye ndoo juu ya paa. Asumini zake hazina harufu kama zenu. Lakini zilikuwepo."

Akaligeukia turubai linaloshushwa. "Mjukuu wangu aliniuliza, bibi, wale watu wako wa Zinga wako wapi?"

Sikuwa na mvua ya kuisingizia, wala Jangwani, wala kondakta. Nilitamani njia ingekuwa imefungwa. Nilitamani gari lingepinduka mtaroni, Mungu anisamehe.

Nilirudi na kikapu kilivyo. Mzee Abdulswamad alinikuta Makumbusho, akakinyanyua kuona uzito, akanitazama usoni, akanipisha mbele hakuuliza. Maua yalianza kufunguka Tegeta. Kufika Boko gari zima lilikuwa linanukia chumba cha harusi, kikapu nimesahau kukifunika kanga na mzee hakunikumbusha. Hakuna aliyepandisha. Mtu mmoja nyuma alisema harufu nzuri, nikalia mpaka Mapinga.

Jumatatu, 28 Aprili

Umeme umerudi. Simu zikawashwa, taarifa za simu zilizotukosa zikaingia moja baada ya nyingine, mama na mimi tukizisikia zinalia juu ya meza bila kuzigusa.

Mama anasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyepokea oda. Mimi najua ni langu, ningeuliza siku. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya Feisal na hakuyasema, nikabaki na hasira ambazo hazina pa kwenda.

Jumatano, 30 Aprili

Mfunguo Pili umeingia, kwa wao na kwa sisi. Nilimwambia Feisal mwezi umeisha, alete tofali zake. Akasema, "Tungoje wiki moja, dada. Labda atapiga simu." Nilimtolea macho. Sikutegemea kwake.

Alhamisi, 1 Mei

Mama ndiye aliyepiga, kumtaka radhi. Nilisikia sauti ya Bi Zuhura ikitoka kwenye simu, taratibu kama kawaida: "Bi Hajra, mimi na wewe tumezeeka pamoja. Radhi kama hii haipokelewi hewani. Jumamosi nakuja mwenyewe, ana kwa ana."

Kwa miaka yote hiyo Bi Zuhura hajawahi kukanyaga Zinga. Mama ameanza kufagia uwanja leo.

Jumamosi, 3 Mei

Alisema atafika kwa chakula cha mchana. Wali wa nazi ulipoa, ukapashwa, ukapoa. Mvua ilinyesha, ikakata, ikarudi. Alasiri ikapita. Mama alikuwa anachungulia dirishani kila gari likipunguza mwendo.

Ilipokaribia magharibi gari la Mzee Abdulswamad lilisimama, mzee mwenyewe akashuka kwanza, mkoba wa kike begani, akampa mkono mtu. Sikumjua mara moja. Buibui limelowa tope mpaka magotini. Kiatu kimoja anacho, kingine hana. Alikuwa Bi Zuhura.

Nakiri nilifurahi. Nilifurahi moyoni kabisa kabla sijakumbuka kuwa ni mgeni na mtu mzima.

Hakusalimia hata. Alikaa kwenye kiti cha kwanza akaanza. Ametoka kwake amekunywa chai tu. Gari la Makumbusho limekaa foleni mpaka akasinzia akaamka liko palepale. Makumbusho akapata linalosema Bagamoyo, kufika Tegeta dereva akasema anageuza, abiria ni wachache. Akashushwa mvuani. Akapata jingine, likazimika Mapinga kwenye tope, wakaambiwa washuke wasukume. "Wasukume," alirudia, na ile sauti ya taratibu haikuwepo tena. "Mimi, Zuhura, nisukume gari. Na nilisukuma. Kiatu changu kiko huko." Ndipo Mzee Abdulswamad alipopita akamwokota.

Mama alimletea maji ya moto ya miguu na kanga kavu. Alipokwisha kuosha miguu akaniita.

"Shufaa. Njia hii wewe unaipita kila Alhamisi?"

"Ndiyo, Bi Zuhura."

"Na kikapu?"

"Na kikapu."

 Mama akamtaka radhi pale pale, amepiga magoti ijapokuwa yanamuuma, na Bi Zuhura akamwinua akasema ameshasamehe, naye asamehewe, kwani mwezi haukuwa na mwenyewe. Wakalia wote wawili. Sasa wamelala chumba kimoja, nawasikia wanacheka habari za maharusi wa zamani. Nadhani tumepona. Nimekwenda kuangalia miasumini kwa tochi, kesho itakuwa na tumba nzuri.

Jumapili, 4 Mei

Baada ya chai alituita sote, na Feisal.

"Nilikuja na maneno makali," alisema. "Yameniishia Mapinga."

"Kwa hiyo tutaendelea?" niliuliza. Sikuweza kungoja.

"Hapana, mwanangu."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Juzi nilikuwa nakuacha kwa hasira," alisema. "Na hasira ingepoa, ungeniletea maua mazuri wiki mbili, ningekurudia. Leo nakuacha kwa sababu nimeiona njia. Mara ngapi nilikuambia njia ni njia? Sitaki tena mtu aloe mvua akimfunika mwavuli mwari wangu. Yule binti wa Ilala anatoka kwake kwa miguu, anafika kabla maji hayajachemka."

Nilimwambia mimi ndiye ninayeloa, na sijamlalamikia. Nilimwambia nitahama, nitalala Kariakoo siku za harusi, nitatafuta namna. Nilipandisha sauti mbele ya watu wazima. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama siku ile ya Jangwani, na hakubadilisha neno. Kile kiburi chake nilikijua jinsi ya kukichukia. Huruma yake sijui niifanye nini.

Kisha akamgeukia mama. Akamwomba, kama itampendeza, ampe vipandikizi vya miasumini yetu ampelekee yule binti, kwa kuwa asumini zake hazinukii.

Nikasema, "Mama, utampa mpaka mti?"

Mama alikuwa ameshasimama anatafuta kisu. "Nimetunga maua tangu nikiwa mwari mwenyewe," alisema. "Nataka yanukie. Huyo atakayeyabeba na awe yeyote." Akaenda kitaluni akakata, akafunga kwa kitambaa kibichi, shina kwa shina, akimwonyesha Bi Zuhura upande upi unaingia kwenye udongo.

Nilivibeba mimi mpaka kituoni. Mzee Abdulswamad aliuliza kama ni asumini. Nikamwambia ni matawi tu, hayana maua. Akavipakia.

Jumanne, 6 Mei

Mama ameomba abakiziwe mti mmoja karibu na kisima, kwa ajili ya nywele zake. Feisal ameupa nafasi kubwa kuliko inayohitajika.

Kuing'oa mingine alianza upande wa nyuma, tusikokuona kutoka jikoni. Nililisikia jembe linapiga, likinyamaza, likipiga. Mchana nikatoka nikamwambia anipe kazi, nimechoka kusikiliza. Akanishikisha ncha ya kamba ya kupimia nisimame kwenye kona, yeye akaivuta mpaka kona ya pili. Udongo ulikuwa laini na ulinukia mizizi. Akaniuliza mlango wa chumba cha kwanza autazamishe wapi. Mwenyewe aliona uelekee uani, kuna kivuli.

Nikamwambia autazamishe barabarani, ili atakayepanga aone gari likija ndipo atoke, asisimame mvuani bure.

"Barabarani kuna vumbi, dada, na honi usiku kucha."

"Najua," nikasema. "Utazamishe huko huko."

Akapigilia kigingi.